Kurasa Alizozigandisha Mwalimu Mwajabu

Kama kulikuwa na mtu Nkuhungu nzima aliyeamini gundi, basi ni Mwalimu Mwajabu. Wenzake waliamini fimbo, wengine walitegemea dua peke yake, na wengine, wazazi wa siku hizi, waliwanyang'anya watoto simu wakadhani kazi imekwisha. Yeye alipika gundi. Alichukua unga wa ngano, akaukoroga kwenye sufuria kuukuu iliyokwisha kufukuzwa jikoni, akauacha utokote mpaka uwe mzito, kisha akakaa kibarazani na kitabu cha hadithi magotini, akaanza kukisoma kwa niaba ya mabinti wa madrasa.

Alisoma kila neno, na kwa hilo lazima asifiwe, maana wapo wanaolaani vitabu bila hata kuvifunua. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi kwao Kondoa, akahamia Dodoma mjini, na chumba kilichokuwa kimejaa mikeka mibovu nyuma ya madrasa akakiomba kwa kamati ya msikiti. Akakipaka chokaa, akaweka rafu, na kila Jumamosi asubuhi mabinti wakaja kusoma hadithi. Hamu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Alitaka wapate hadithi tamu zisizowachafua vichwa, na mtu yeyote aliyewahi kuzitafuta anajua zilivyo adimu. Za watoto wadogo zipo, za sungura na fisi. Za watu wazima zipo pia, na majalada yake tu yanatosha kumtengulia mtu udhu. Katikati hapo, kwa msichana anayeanza kujitazama kwenye kioo, utazunguka mji mzima urudi mikono mitupu.

Kwa hiyo Mwajabu alinunua alichokipata, akakitengeneza. Alipokuta busu, chupa ya pombe, au mwanamume na mwanamke wamefunga mlango, alichovya kidole kwenye gundi, akapaka pembezoni mwa ukurasa, akaugandisha na mwenzake, akaweka tofali juu mpaka ikauke. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia mabinti sheria ya chumba kile, na ilikuwa sheria nyepesi.

"Palipogandishwa si penu. Palipo wazi someni kwa raha zenu, mimi nimeshapapitia."

Wazazi walifurahi mno. Mzee Abdulwahab, mwenyekiti wa kamati, alisimama baada ya sala ya Ijumaa akasema kwamba chumba kile ni ngome. Mwajabu aliyasikia maneno hayo upande wa wanawake, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini usoni alikuwa amechanua.

Mtu pekee ambaye hakuifurahia gundi alikuwa Fatmabai, bibi wa Kihindi mwenye duka la vitabu na madaftari kule mjini. Fatmabai alikuwa mcha Mungu kuliko wateja wake wengi, tasbihi haimtoki mkononi, na vitabu alivisoma kabla ya kuviuza.

"Mwalimu, wewe unanitaabisha," alimwambia siku moja, huku akimtolea kitabu chembamba chenye jalada la kijani. "Unataka hadithi ya vijana, halafu unataka ndani yake kusitokee jambo. Sasa chukua hiki, *Salha wa Mlimani*. Kaandika mama mmoja mwenye imani yake, kawaandikia binti zake mwenyewe. Katikati kina machozi. Lakini sikia, wasomeshe chote."

"Inshallah," Mwajabu alijibu, na wote wawili walijua maana yake.

Kitabu kilikuwa kizuri. Salha, msichana mpole wa kijijini, anakutana na kijana mwenye adabu, anayeswali, anayemnunulia juisi ya ukwaju na kumsalimia mama yake kwa heshima. Kijana anamwambia twende kwa shangazi yangu mjini, yeye atatusimamia tufunge ndoa, kisha turudi nyumbani na baraka. Sura ya sita inaishia wanapanda basi. Hapo Mwajabu hakuona ubaya wowote. Hapakuwa na busu wala kushikana mkono, na msafara wenyewe ulianza kwa bismillahi.

Sura ya saba na ya nane ndizo zilizomtoa jasho. Shangazi hayupo, hajawahi kuwapo. Kuna nyumba ya wageni, kuna mlango unaofungwa, kuna asubuhi ambayo kijana hayupo, kuna mimba, kuna wodi ya hospitali na msichana anayelia akimwita mama yake. Mwajabu alisoma mkono ukiwa mdomoni. Alipomaliza, alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akazigandisha sura zote mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaweka matofali mawili.

Sura ya tisa, ya mwisho, Salha anarudi. Mama yake anamwona kwa mbali, anakimbia mpaka mlangoni, anamkumbatia. Muda unapita, kijana mwema analeta posa, inafungwa ndoa, na biriani inapikwa. Mwajabu alifuta machozi, akakipeleka kitabu kwenye rafu akiwa ametosheka kabisa.

Nyumbani kwake aliishi na Hamida, binti wa mdogo wake Nasra. Nasra alikuwa mkulima huko milimani Kondoa, na alipomleta mtoto mjini kuanza sekondari alimwambia dada yake, "Huyu ni amana, dada. Nakukabidhi kwa Mungu na kwako." Mwajabu aliichukua amana hiyo kama roho yake. Hamida alikuwa kidato cha tatu sasa, na hakukuwa na mtoto mwepesi kumlea kama yeye. Ukimwambia usiguse, hagusi. Ukimwambia simu si ya mwanafunzi, haombi tena. Majirani waliokuwa wakigombana na binti zao waliletwa kuonyeshwa Hamida.

Jumamosi moja ya upepo, ule upepo wa Dodoma unaoingiza vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai, Hamida aliaga mapema. Alisema anatangulia kufagia chumba cha kusomea. Mwajabu alipofika baadaye, mlango ulikuwa umefungwa kama ulivyoachwa, na kwenye ngazi alikaa Shamimu, msichana mwenye mdomo kuliko wote darasani, lakini siku hiyo mdomo umekauka.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba usinipige."

"Marahaba. Nikupige kwa lipi? Hamida yuko wapi?"

Shamimu alitazama chini. "Ameondoka. Anakwenda Mpwapwa."

"Mpwapwa kuna nini?"

"Na Mudrick."

Mwajabu alisikia jina hilo, akalisikia tena, na bado halikumwingia. Mudrick alimfahamu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota. Yeye ndiye aliyetengeneza nondo za dirisha la chumba hikihiki, akakataa kulipwa, akasema ni sadaka. Alikuwa mwanamume mzima, tena wa safu ya mbele msikitini. Hamida alikuwa mtoto wa shule.

"Shamimu, usinitanie."

"Wallahi sitanii. Jana aliniambia anatoroka naye, kwamba atarudi baada ya siku chache akiwa mke wa mtu, na wewe utakimbia kumkumbatia mlangoni kama mama yake Salha. Mimi nikacheka. Nilidhani anafanya mzaha, maana Salha mwenyewe si..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Salha mwenyewe nini?"

Shamimu akatikisa kichwa, kiganja bado mdomoni.

"Sema, mtoto!"

"Si alitelekezwa gesti, Mwalimu."

Mwajabu hakujua kipi kimemtisha zaidi, Hamida kuondoka na mwanamume au mtoto huyu kuyajua yaliyomo kwenye sura ya saba. Alimshika Shamimu bega.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Birika," Shamimu alisema, machozi yakianza. "Ukishikilia kurasa kwenye mvuke wa birika gundi inalainika. Tukimaliza tunazibana tena. Tumefungua vitabu vyote, Mwalimu, tusamehe. Hasa vile vilivyogandishwa sana."

"Mmefungua nani na nani?"

"Sote."

"Na Hamida?"

"Hamida hapana. Tulimpa akakataa. Alisema palipogandishwa ni amana yako, akifungua atakuwa amekuibia."

Mwajabu akakaa palepale kwenye ngazi, kwenye vumbi, na baibui lake jeusi. Watukutu wote walikuwa wanajua. Kila mtoto aliyemwasi, kila aliyechemsha maji kisirisiri na kucheka nyuma ya mgongo wake, alijua kilichompata Salha. Ni mmoja tu aliyemtii, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa njiani sasa hivi.

Kisha akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Basi la Mpwapwa! Halikuwa basi la alfajiri, huenda lilikuwa bado linasubiri abiria. Alikimbia barabarani, yeye ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, akasimamisha bodaboda akapanda bila kuuliza nauli. Njia nzima aliyumba nyuma ya dereva akisema, "Mwanangu, ongeza," na dereva, ambaye siku zote huambiwa na akina mama wa umri ule apunguze, aligeuka mara mbili kumtazama kama yuko sawa.

Stendi ilikuwa imechangamka. Wapiga debe walimvamia, huyu akimvutia Singida, yule akimvutia Iringa, akawapita wote akiuliza Mpwapwa, Mpwapwa liko wapi, mpaka akaonyeshwa basi lenye injini inayonguruma na kondakta aliyening'inia mlangoni akipiga bati kwa kiganja. Akapanda. Macho yake yalipita kiti kwa kiti. Karibu na nyuma, upande wa dirisha, alikaa Hamida, mtandio wake mpya wa samawati umefungwa vizuri, mkoba mapajani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa na koti la mwanamume.

Hamida alipomwona hakujificha wala hakulia. Alisimama kwa adabu, akainamisha kichwa chini ya rafu ya mizigo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Hilo ndilo lililomkata maini. Angemkuta anajificha, angejua la kufanya.

"Shuka," alisema kwa sauti ya chini. "Hamida, shuka twende nyumbani."

"Tungekupigia simu tukifika. Mudrick ameenda kununua soda."

"Unatoroka na mwanamume, halafu unaniambia habari za soda?"

Hamida alishangaa kweli. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyefanya hesabu vizuri akawekewa mkasi wa kosa. "Sijafanya kitu kibaya, mama mkubwa. Tunakwenda kwa shangazi yake, yeye atatusimamia, tukifunga ndoa tunarudi kwako. Mwanzoni na mimi niliogopa. Nikakichukua kile kitabu, nikarudi pale Salha anapopanda basi. Nikapitisha kidole pembezoni mwa kila ukurasa, natafuta gundi. Hapakuwa na gundi. Safari yote uliiacha wazi, mpaka kwenye basi. Nikasema basi, ungekuwapo ubaya, mama mkubwa angepagandisha."

Mwajabu alishika mgongo wa kiti cha mbele. Hakuwahi kupigwa maishani mwake, lakini alidhani kupigwa lazima kunafanana na hivi. Maneno yale yalitoka kwa upole mtupu, bila kejeli, na kila moja lilikuwa lake mwenyewe. Palipo wazi someni kwa raha zenu. Alisema hivyo mbele ya rafu, akitabasamu. Huyu mtoto alikuwa ameyashika maneno yale barabara, akayafuata hatua kwa hatua mpaka kwenye kiti hiki.

"Mama, unasafiri au unasindikiza?" kondakta aliuliza kutoka mlangoni. "Tunatoka."

"Subiri," Mwajabu alisema.

"Hatuwezi kusubiri, mama, ratiba."

"Nimesema subiri!" Sauti ile ya darasani ilimtoka bila kutarajia, na abiria wote wakageuka, na kondakta akanyamaza.

Akamgeukia Hamida. Alijua anachotakiwa kusema. Alikuwa amekisoma, neno kwa neno, mara moja tu lakini hakikumtoka tena. Shida ni kwamba hakuwahi kuyatamka mambo kama hayo mbele ya mtoto, wala mbele ya mtu yeyote. Hata mdogo wake Nasra alipokuwa anaolewa, walimtafutia somo, kungwi wa kumfunda mambo ya ndoa, Mwajabu akatoka nje akajifanya anachambua mchele. Sasa alikuwa kwenye basi, watu wametega masikio, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesimama kabisa ili asikie vizuri, na ulimi umekuwa mzito.

"Zile sura mbili," alianza. "Ya saba na ya nane."

"Usiniambie," Hamida alisema haraka. "Zile si zetu."

"Ni zako. Zilikuwa zako kuliko mtu mwingine yeyote." Akameza mate. "Walipofika mjini, Hamida, hapakuwa na shangazi."

Hamida aliukumbatia mkoba wake.

"Hapakuwa na shangazi. Alimpeleka nyumba ya wageni. Akamwambia shangazi amesafiri, anarudi kesho, tupumzike hapa. Akafunga mlango." Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na akaendelea hivyohivyo. "Alimfanyia yale ambayo mume humfanyia mkewe, na hakuwa mumewe. Siku chache zikapita, shangazi harudi. Asubuhi moja Salha aliamka, kijana hayupo, na koti lake halipo. Mwenye gesti akamtoa nje. Akawa mjamzito, hana wa kumwambia. Alipokaribia kufa wakampeleka hospitali, na mtoto hakupona. Alilala pale akimwita mama yake, na mama yake alikuwa mbali hajui kitu."

Mama mwenye mtoto mgongoni alisema taratibu, "Haya mambo yapo," kisha akakaa.

"Lakini aliolewa," Hamida alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mwisho kabisa. Biriani ilipikwa."

"Aliolewa na mtu mwingine. Baada ya muda mrefu sana. Yule wa kwenye basi hakuonekana tena."

Hamida alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwajabu alitamani amguse lakini hakuthubutu.

Hapo ndipo Mudrick alipopanda, soda mbili mkono mmoja na biskuti mkono wa pili, mchangamfu, akiwaambia watu samahani, naomba nipite. Alipomwona Mwajabu alisimama ghafla. Kisha akatabasamu, maana adabu alikuwa nayo tele.

"Assalamu alaikum, Mwalimu."

Mwajabu hakuitika. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ili amrarue mbele za watu, lakini Hamida alimwahi.

"Mudrick," alisema, "shangazi yako anaitwa nani?"

Mudrick alimgeukia, tabasamu bado liko usoni.

"Shangazi yupi?"

Alijua kosa lake saa ileile. Akacheka, akasema aa, shangazi, anaitwa Bi Mwanaidi, yaani Bi Mwanahawa, watu wa kule humwita hivyo. Akasema mengi zaidi, na soda zilikuwa zinagongana mkononi mwake. Abiria mmoja alimwambia, "Kijana, shuka kabla hatujakushusha sisi." Mudrick alitazama huku na huku, akaweka soda kwenye kiti kitupu, akavuta koti lake. Alishuka akipepesuka, na pale chini mpiga debe alimzomea hata kabla ya kujua kisa.

Hamida alichukua mkoba wake. Alipita mbele ya Mwajabu bila kumshika mkono, akateremka, akatembea mpaka kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, na hapo akasimama. Mwajabu alimfuata. Alimshukuru Mungu kwa sauti, mara nyingi, akilia sasa waziwazi, bila kujali wanaomtazama.

"Twende nyumbani, mwanangu. Yamekwisha. Alhamdulillahi, yamekwisha."

Hamida hakusogea. Alikuwa analitazama basi la Mpwapwa likirudi nyuma taratibu, kiti chake cha dirishani kikiwa tayari kimekaliwa na mtu mwingine.

"Ulikisoma chote," alisema.

"Nini?"

"Kitabu. Ulikisoma chote mpaka mwisho." Aligeuka, na machoni mwake hapakuwa na ule upole ambao majirani waliletwa kuuona. "Ulikuwa unajua yote haya, mama mkubwa. Ulikuwa unajua, ukaniachia mimi nisijue."